Ukaidi wa Juma la Mlau

Neno lenyewe nilikutana nalo Ikwiriri, kwenye meza ya mapokezi ya nyumba ya wageni nilikokuwa nafanya kazi, ndani ya kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada. Mnunuzi mmoja wa ufuta aliiacha chumbani, na nilipomkimbilia nayo stendi akasema haina faida kwake. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuzunguka Mbeya, Tunduma, Songea na Tanga, kila mji nikiuacha kabla sijaujua vizuri. Mapokezi mchana hayana kazi, kwa hiyo niliisoma kamusi ile ukurasa baada ya ukurasa, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne.

Neno ni contumacy. Kamusi ililiwekea alama ya maneno ya kale, yaliyobaki vinywani mwa mahakimu na mapadri. Maana yake ni ukaidi, lakini si kila ukaidi. Mtoto anayekataa uji hahusiki, wala punda anayegoma njiani. Hao shuleni tulifundishwa neno lao jingine. Huu ni ukaidi wa mtu aliyeitwa na wenye mamlaka, akapata habari, akaelewa, na akakataa kufika. Chini yake palikuwa na mifano ya matumizi. Mtu alihesabiwa mkosa kwa contumacy yake kabla shauri lenyewe halijasikilizwa. Mwingine alitengwa na kanisa, na sababu haikuwa dhambi aliyoshtakiwa bali kutokuja kuijibu.

Nililirudia mara nyingi. Sisi tuna ukaidi, ubishi na ujeuri, na wazee wetu wana inadi, lakini hayo yote mtu anaweza kuyafanya peke yake ndani ya nyumba yake. Hili la Kiingereza halifanyiki bila watu wawili, mmoja anayeita na mmoja anayekataa kuitika. Na methali yetu inasema kinyume kabisa, kwamba wito haukataliwi, hukataliwa unaloitiwa. Nilifikiri watu waliohitaji neno kama hilo lazima walikuwa wakiitana sana.

Huenda ningelisahau, lakini siku chache baadaye mjomba wangu, fundi cherehani wa Kibiti, alishuka kwenye basi la mchana na barua mfukoni.

"Soma," alisema, akaiweka juu ya kamusi.

Ilikuwa barua ya baraza la ardhi. Bibi, yaani mama yake mjomba na mama wa mama yangu, alitakiwa kufika Jumatatu saa tatu asubuhi kujibu malalamiko ya jirani yake juu ya shamba la bondeni. Ulikuwa wito wa pili. Asipofika, shauri lingesikilizwa upande mmoja na uamuzi kutolewa.

"Wito wa kwanza aliufanyia nini?" niliuliza.

"Alifungia mbegu za kunde."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alisema ameshakwenda mara mbili kumbembeleza, na mara zote Bibi alimwambia amekuwa mtu wa lami, arudi kwenye lami yake. Kisha akakunja kofia yake mkononi. "Nenda wewe, mke mwenzake. Shamba lile likichukuliwa tutamleta Kibiti, tutamkalisha ukumbini kwangu, na hatamaliza mwaka. Unamjua."

Nilimjua. Bibi alikuwa amepita themanini kwa hesabu zake mwenyewe, na mbali na shamba lile hakuwa na kitu alichokiita chake.

Lilikuwa upande wa Mtunda, ng'ambo ya mto, mahali ambapo miezi ya mvua huoni ila maji. Ulikuwa mwezi wa sita, na mto ulikuwa unarudi. Nimeona Ziwa Nyasa na nimeona theluji ya Kilimanjaro kutoka dirisha la basi, lakini sijaona kitu kinachoninyamazisha kama mto Rufiji unaporudi. Kila asubuhi unaacha ukanda mwingine wa ardhi, mweusi, unaong'aa, laini kama ugali wa moto, pale ambapo jana yake mtu alipita na mtumbwi. Hakuna anayeusikia ukiondoka.

Kupanda kwenye tope hilo ndiko kunakoitwa mlau. Hakuna kulima. Unatoboa kwa kijiti, unatia mahindi, unatia kunde, unafukia kwa kisigino. Ukiwahi sana mbegu inaoza. Ukichelewa tope linapasuka na kuwa gumu kama kigae. Katikati ya kuwahi na kuchelewa kuna juma moja, likizidi ni siku kumi. Na watu wa bonde wana sheria yao kuhusu siku hizo, ambayo haikuandikwa popote. Mwenye mbegu matopeni ndiye mwenye shamba. Kipande kikikutwa kitupu juma la mlau, kimeachwa, na jirani akikipanda hakuna atakayemwita mwizi.

Nilimkuta Bibi ameinama katikati ya shamba, kanga amejifunga kiunoni, matope yamempanda hadi magotini. Nyuma yake lilisimama dungu lake, kibanda cha nguzo ndefu ambamo alilala na kufukuza ndege na nguruwe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Safari hii umefukuzwa wapi?"

"Sijafukuzwa. Nimetumwa."

"Afadhali ungefukuzwa."

Nilimsomea barua nikimfuata nyuma, kwa sababu hakusimama. Alikuwa anatoboa, anatia, anafukia. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa siku."

"Jumatatu."

"Jumatatu ya tope hili hili?"

"Ndiyo."

"Basi aliyeandika analima juu ya meza."

Kutoka kwake hadi barazani ilikuwa kuvuka mto, kutembea, kisha kungoja gari barabarani. Kwenda na kurudi kwa miguu yake ni siku mbili, na shauri likiahirishwa ni tatu. Alikuwa amebakiza karibu nusu ya shamba.

Ng'ambo ya kijito kilichopita pembeni mwa shamba alikuwapo jirani aliyemshtaki, mwanamume wa makamo, mtoto wa dada yake marehemu babu, ambaye alimwita Bibi shangazi. Naye alikuwa anapanda. Alituona na barua, akanyoosha mgongo.

"Shangazi, Jumatatu nikupitie na mtumbwi twende pamoja?"

"Tangulia, mwanangu. Nitakulindia mbegu zako zisiliwe na ndege."

"Mimi ndiye mlalamikaji. Lazima niende."

"Nenda basi. Nikiona mgongo wako umepotea kule juu nitajua umefika, na mimi nitakuja huko kwako kutembea, na mbegu zangu mkononi."

Mwanamume yule alicheka bila kupenda, akainama tena. Lakini niliona jinsi macho yake yalivyopita juu ya ile nusu ya Bibi iliyobaki tupu, na nikaelewa hesabu yake. Akimtoa Bibi shambani siku tatu, hatahitaji baraza.

Nilimwambia Bibi hivyo. Alisema amejua tangu barua ya kwanza. Nikamwambia pia kwamba asipokwenda, baraza litampa jirani shamba kwa karatasi. Kote kulikuwa na hasara, na mimi niliona bora hasara ya siku tatu. Nikamtolea na methali, kwamba wito haukataliwi.

"Hiyo aliitunga mwenye kuita," alisema.

Kisha, akiendelea kutoboa, akanieleza habari za mama yake. Nilikuwa nimewahi kuzisikia vipande vipande. Siku ile nilizisikia zote, hatua kwa hatua, mstari wa mahindi kwa mstari.

Mama yake alikuwa mke mpya wakati wa vita vya Maji Maji. Kabla ya vita, akida aliwaita watu kulima pamba ya serikali, na aliwaita hata juma la mlau, kwa hiyo pamba ilimea na mashamba ya watu yakapasuka. Ukaja wito mwingine kutoka kwa mganga wa Ngarambe, na huo haukuja na bakora. Mama yake Bibi aliuitikia. Alikwenda kwa miguu pamoja na mumewe na wakwe zake, wakamiminiwa maji kama maelfu ya wengine, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Mumewe alitoka hapo akaenda vitani. Hakurudi, wala hakuna aliyeweza kumwonyesha mkewe alikolala.

"Tangu siku hiyo," Bibi alisema, "mama hakuitika tena."

Askari walipita wakachoma maghala. Mwaka uliofuata, maji yalipoanza kushuka, akida akatuma habari kwamba watu wote watoke waje waandikwe wapewe amani. Kijiji chao kikatoka, kwa hofu na kwa njaa. Yeye alibaki. Alikuwa na mbegu alizozifunga kwenye pindo la kaniki, na alizipanda nyuma ya matete ambako mtu aliyeko kingoni hangeweza kuona. Siku moja wakaja kumtafuta. Aliyetangulizwa kumwita alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Akasimama ukingoni akaita jina lake. Mwanamke alilala kifudifudi matopeni, mbegu ziko chini ya kifua. Shemeji akaita tena, na tena mara ya tatu, kwa sauti ya mtu aliyejua kabisa kwamba anasikiwa.

"Mama alisema woga haukumsumbua," Bibi alisema. "Kilichomuuma ni adabu. Shemeji yako anakuita kwa jina lako, na wewe huitiki."

Waliokwenda kuandikwa walipelekwa kutengeneza barabara, wakaachiwa tope likiwa limeshapasuka. Walirudi hawana cha kupanda wala cha kula. Mwanamke yule peke yake alikuwa na mahindi. Aliwachemshia yakiwa bado machanga, akawapa waliomwacha, akampa na shemeji yake. Njaa ikashusha watu kutoka milimani Umatumbi, akawapa nao. Mmoja wa hao wa milimani hakuondoka tena, na baada ya miaka mingi akawa baba wa bibi yangu.

"Aliwasema?" niliuliza. "Wale waliokwenda?"

"Aseme nini? Walikuwa na midomo imejaa."

Nilikuwa nimesimama na barua mkononi, na nyayo zangu zimezama. Nilijaribu kulipima tope lile, urefu wa mtu mzima aliyelala bila kutikisika. Nililikumbuka neno la kamusi, nikaona halitoshi hapo.

"Kwa hiyo sisi hatuitiki mtu?" niliuliza.

"Tunaitika. Ila si juma hili." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Ukienda huko, waambie napanda. Usiwaambie naumwa."

Nilivuka Jumapili mchana. Jumatatu saa tatu nilikuwa barazani, chumba chenye mabenchi mawili na meza. Katibu akasoma shauri, akaita mlalamikaji. Hakusimama mtu. Akaita mlalamikiwa. Nikasimama.

"Wewe ndiye?"

"Mimi mjukuu wake."

"Yeye yuko wapi?"

"Anapanda."

Watu wa benchi la nyuma walicheka. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyehamia kutoka nyanda za juu, aliweka kalamu chini. "Binti, kamwambie bibi yako kuna kosa linaitwa kudharau baraza. Tunaweza kumaliza shauri hili hapa hapa kwa kosa hilo tu."

Nilijua lilivyoitwa kwenye kamusi, na nilijua mifano yake yote. Ndipo mjumbe mmoja mwanamke, mtu mzima mwenye tope kavu kwenye visigino, akauliza, "Na mlalamikaji naye anatudharau?"

Mwenyekiti akatazama mlangoni kana kwamba bado anaweza kuingia.

"Mwenyekiti, maji yameshuka," yule mama aliendelea. "Mimi mwenyewe kipande changu nimemwachia mwanangu, na roho inaniuma hapa nilipokaa. Hao wote wawili hawawezi kutoka. Anayetoka kwanza amekosa."

"Maji yameshuka ndiyo nini?"

Yule mama akamweleza pole pole, kama anavyoelezwa mgeni njia ya kisimani. Habari za tope, mbegu, siku kumi. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyepanga tarehe. Katibu akatazama daftari lake. Aliyepanga ni yeye mwenyekiti.

Wakakubaliana kulifuata shauri shambani. Walikuja Jumatano kwa mtumbwi, mwenyekiti, katibu, yule mama na mjumbe mwingine mzee. Mwenyekiti alikuwa amekunja suruali, viatu ameshika mkononi. Bibi aliwaona wangali mtoni, wala hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Walipofika aliwasalimu vizuri akiwa ameinama.

"Karibuni. Pandeni dunguni mkae kivulini. Nina mistari minne."

"Bibi," alisema mwenyekiti, "sisi ni baraza."

"Nimewaona, baba. Ndiyo maana nikasema karibuni."

Walipanda. Nimeshuhudia wakubwa wakingojwa maisha yangu yote, kwenye vituo vya mpakani, ofisini, hospitalini. Wakubwa wenyewe wakingoja sikuwahi kuona. Wenye mihuri wanne walikaa kwenye sakafu ya fito, miguu inaning'inia, wakitazama watu wawili wenye kesi wakipanda kila mmoja upande wake wa kijito, wamepeana mgongo. Kilisikika kijiti kikiingia matopeni na kutoka. Mwanamke aliyekuwa mbele yao alikuwa mfupi kuliko mimi, mgongo wake haukunyooka hata aliposimama, na mwenyekiti alimtazama kwa namna ambayo nilijua siku ile hatamsomea mtu kosa la kudharau. Baadaye yule mama mjumbe alishuka, akaokota kijiti, akamsaidia mstari wa mwisho bila kuombwa.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Jirani alidai mpaka ni kijito. Miaka ya nyuma mafuriko yalikisogeza kijito upande wa Bibi, kwa hiyo kipande kilichobaki ng'ambo kilikuwa kimekwisha kuwa chake, na kwa kuwa kijito kinaendelea kusogea, alitaka baraza liseme mpaka unasogea nacho. Bibi alisema kijito hakijawahi kupanda mahindi.

Yule mzee mjumbe akamuuliza jirani, "Mwaka jana hapa tulipo alipanda nani?"

"Shangazi."

"Mwaka juzi?"

"Shangazi."

"Na mwaka huu?"

Sote tukatazama chini. Mashimo yalikuwa yamefukiwa, visigino vya Bibi vimepigwa muhuri hadi ukingoni mwa maji, hakuna hatua moja tupu. Jirani akajikuna shingo.

"Shangazi," alisema. Kisha akaongeza, "Nisiseme uongo. Angetoka Jumatatu ningepanda mimi."

"Najua," alisema Bibi.

Baraza likaamua shamba ni la Bibi na mpaka ubaki hapo ulipo, hata kijito kikisogea. Katibu akaandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya ubao wa mtumbwi, akafungua kidau cha wino. Jirani akatia sahihi. Kidau kikaletwa kwa Bibi aweke dole.

"Siweki," alisema.

Mwenyekiti alidhani hakusikia. "Bibi, umeshinda."

"Nimeshinda nini? Jana lilikuwa langu na leo ni langu. Nikiweka dole hapo nitakuwa nimesema mmenipa nyinyi."

"Karatasi isiyo na dole lako ni pungufu. Kesho mtu akikata rufaa tutasema nini?"

"Hayo ya kwenu."

Shamba lilikuwa limekwisha kupona, na sasa lingeweza kupotea kwa kidole kimoja. Nilimsihi. Yule mama mjumbe naye alimsihi, akamwita dada. Bibi alifumbata mikono yake yenye tope, akatazama mto. Nilimtazama usoni nikaona hana hasira wala kiburi. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu ambaye ameshakuwa hapo kabla hajazaliwa.

Mwishowe alinionyesha kwa kidevu. "Huyu aweke. Yeye ndiye anayeamini karatasi."

"Huyu ni nani wako?" aliuliza mwenyekiti.

"Mke mwenzangu. Mume wetu amekufa, ametuachia shamba."

Walicheka wote, hata mwenyekiti, na katibu akaandika mjukuu na mrithi. Mimi ambaye sikuwahi kupanga chumba zaidi ya miezi sita niliandika jina langu kamili chini ya maneno yaliyosema shamba hili ni la Bibi na la watakaolirithi kwake. Nikaweka na dole, kwa sababu katibu alisisitiza. Wino ulikuwa mweusi kama ardhi yenyewe.

Mtumbwi wa baraza ulipoondoka Bibi hakuniambia asante. Alifungua fundo la kanga, akanimiminia kiganjani mahindi na kunde, akanionyesha ukanda ambao maji yalikuwa yameuacha tangu baraza lifike, mwembamba, kati ya mashimo yake na kijito.

"Vua viatu," alisema. "Wa kwako ni huo."

Nilitoboa, nikatia, nikafukia. Tope lilikuwa na uvuguvugu juu na ubaridi chini. Jirani alisimama kwenye upande wake akanitazama kwa muda.

"Shangazi, mistari ya mwenzako imepinda."

"Ya kwake hiyo," alisema Bibi, ambaye alikuwa amekaa chini kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Atavuna iliyopinda."

Nikaendelea hadi mbegu zikaisha mkononi.